Kapeti au ukoka? Tathmini ya nyasi bandia na nyasi asilia kwa uwanja wa soka

Mei 2025 CAF ilihamisha mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba dhidi ya RS Berkane, kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa kwenda New Amaan, Zanzibar. Kisa kilikuwa eneo la kuchezea, ambalo mvua za masika zilikuwa zimelielemea. Vijiweni hukumu ilitoka siku hiyohiyo: ng'oeni nyasi, tandikeni kapeti, mvua inyeshe isinyeshe mpira utachezwa. Miezi michache baadaye Eredivisie, ligi kuu ya Uholanzi, ambako klabu kadhaa zilichezea kapeti kwa miaka, ilianza msimu wa 2025/26 ikiwa imelipiga marufuku. Kule sasa ni nyasi asilia au mseto (nyasi asilia zilizoshonewa nyuzi chache za plastiki), basi. Uskoti nayo imeshapiga kura kuliondoa kwenye Ligi Kuu yake kuanzia 2026/27.

Wenzetu wanang'oa, sisi tunatandika, na inawezekana wote wako sahihi. Klabu ya Ulaya ina viwanja vya mazoezi pembeni, watunza nyasi wa kudumu, na mechi moja kwa wiki kwenye uwanja mkuu. Uwanja wa manispaa hapa kwetu una vijana wa akademi alfajiri, shule saa nne, ligi ya wilaya jioni, bonanza Jumamosi, na mkutano wa hadhara ukija hakuna wa kukataa. Kwa hiyo bidhaa hizi mbili hatuzipimi kwa kupendeza machoni. Tunazipima kwa saa za matumizi kwa wiki, maji yaliyopo, na kama kuna mtu atakayeshika brashi au mashine ya kukata baada ya mkandarasi kuondoka.

Tuanze na saa. Ukoka uliooteshwa kwenye udongo wa kawaida huvumilia saa 4 hadi 6 za mchezo kwa wiki. Ukioteshwa kwenye mchanga uliojengwa kitaalamu, ukanywa na kula vizuri, hufika 10 hivi, maana joto letu linausaidia kujirudi haraka. Kapeti lenye cheti cha FIFA Quality limekusudiwa saa 40 hadi 60. Lile la FIFA Quality Pro, la mechi za juu, limekusudiwa kama saa 20 tu. Hapo wanunuzi wengi hujikwaa: wanadhani Pro ni imara zaidi. Pro imebanwa zaidi kwenye vipimo vya ulaini na mwendo wa mpira, na cheti chake hudumu mwaka 1, wakati cha Quality hudumu miaka 3. Shule iliyouziwa Pro imeuziwa gari la rali kubebea mkaa.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba jua halihesabu mechi. Nyuzi za plastiki huzeeka hata geti likiwa limefungwa. Kapeti la miaka 10 likichezewa saa 40 kwa wiki limekupa saa 20,800. Likichezewa saa 6 limekupa 3,120, na litang'olewa karibu wakati uleule. Chini ya saa 12 kwa wiki kapeti ni hasara. Juu ya saa 20 ukoka unageuka vumbi golini kabla ya msimu kwisha. Katikati hapo ubishi ni halali, na kinachoamua ni maji.

Kapeti: unalipia nini hasa

Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukiongeza mita 3 za usalama kila upande, ni mita 111 kwa 74, yaani mita za mraba 8,214. Hesabu zote humu zinatumia eneo hilo. Mabunda ya kapeti kwa kawaida yana upana wa mita 4. Yakilazwa kukatisha uwanja ni mabunda 28 ya mita 74, na maungio 27 kati yake. Kumbuka hiyo 27.

Kapeti lenyewe ni nyuzi za poliethilini zilizoshonwa kwenye kitambaa cha polipropilini, kisha mgongoni likapakwa lateksi au poliyurethani ili nyuzi zisichomoke. Kinachotangazwa ni urefu wa nyuzi, milimita 50 au 60, na ndicho kisichosema mengi. Uliza desiteksi, yaani uzito kwa gramu wa mita 10,000 za uzi. Ukijibiwa 12,000 usishangilie bado. Uliza imegawanywa kwenye nyuzi ngapi. Ikiwa 6, kila uzi una 2,000. Ikiwa 8, kila uzi una 1,500, na uzi mwembamba hulala mapema na hausimami tena kwa brashi yoyote. Kisha uliza nafasi kati ya mistari ya mshono na idadi ya mishono kwa mita. Mistari ya milimita 16 yenye mishono 140 kwa mita hutoa vishada 8,750 kwa mita ya mraba. Ukishajua hesabu hiyo, kapeti mbili za "milimita 50" zenye bei tofauti hazikuchanganyi tena.

Kuna kapeti la tatu, ambalo si la soka kabisa. Lina urefu wa milimita 30 hadi 35, mistari imebanana chini ya milimita 10, na chini ya nyuzi za kijani kuna vijinyuzi vya kahawia vilivyojikunja. Hilo ni la bustani, kumbi na vibaraza vya hoteli. Halina nafasi ya kujazwa mchanga wala chembe za mpira, kwa hiyo halina mto wowote chini ya goti la mtu. Ukiliona kwenye nukuu ya uwanja wa mpira, usilizungumzie bei.

Omba kipande cha sampuli. Kilowekwe kwenye ndoo usiku mzima, asubuhi kamata kishada kwa koleo uvute kwa nguvu. Kikitoka kirahisi kama unyoya wa kuku aliyemwagiwa maji ya moto, lateksi haikuiva kiwandani. Mtihani huu haugharimu kitu na huchuja wauzaji wengi kuliko vipeperushi vyao.

Sasa ujazo. Kwa kapeti la milimita 50, tunachokubali ni mchanga wa silika kilo 15 kwa mita ya mraba, unaokaa kama milimita 10, na juu yake chembe za mpira kilo 12, kama milimita 25. Zinabaki milimita 15 za nyuzi juu, na hizo ndizo nyasi ambazo mchezaji anaziona. Kwa uwanja mzima hiyo ni tani 123 za mchanga na tani 99 za chembe za mpira. Mzigo huu ndio rahisi zaidi kupunjwa, kwa sababu ukishamwagwa hauhesabiki. Hesabu mifuko ya tani moja ikiwa bado kwenye lori. Baadaye chomeka rula katika sehemu ishirini, siyo katikati tu: nyuzi zikitokeza milimita 25 mahali palipopaswa 15, kuna shehena haikufika.

Mchanga wa ufukweni haufai hata kama uko hatua mia kutoka uwanjani. Una chumvi na makombe, na ule mwembamba hushikamana ukaziba vitundu vya kupitisha maji mgongoni mwa kapeti. Mchanga wa mawe yaliyosagwa nao una kona kali zinazokereza nyuzi chini kwa chini. Unaotakiwa ni wa mviringo, uliooshwa na kukaushwa, milimita 0.3 hadi 0.8.

Chembe nyeusi za mpira hutokana na tairi kuukuu. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha miligramu 20 kwa kilo kwa kemikali za kundi la PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani, zilizomo ndani yake, kuanzia Agosti 2022, kisha kwa kanuni ya 2023 ya plastiki ndogondogo ukaamua kwamba kuanzia Oktoba 2031 chembe za aina hiyo hazitauzwa tena kwa ajili ya viwanja. Mzigo usiotakiwa kule utatafuta pa kwenda, na bandari zetu ziko wazi. Dai ripoti ya maabara ya PAH yenye namba ya shehena yako, siyo ya "bidhaa zetu kwa ujumla".

Chini ya kapeti ndiko uwanja wenyewe uliko. Kokoto na changarawe iliyoshindiliwa kwa tabaka, jumla milimita 200 hadi 300, mteremko wa asilimia 0.5 hadi 1 kuelekea pembeni, mabomba ya matundu kuzunguka uwanja, na kitambaa cha kutenganisha pale ambapo chini kuna udongo wa mbuga. Udongo huo hufura masika na kupasuka kiangazi. Ukiuacha bila kuutenga, kapeti lako litakuwa na mawimbi mwaka wa pili. Kabla bunda la kwanza halijafunguliwa, pita na ubao ulionyooka wa mita 3: pengo chini yake lisizidi milimita 10. Baada ya kutandika hakuna tena wa kurudi kusawazisha.

Utandikaji huharibikia kwenye maungio yale 27. Bunda likifunguliwa liachwe lijilegeze saa kadhaa kabla ya kukatwa na kuunganishwa, na mabunda yote yalale mwelekeo mmoja wa nyuzi, la sivyo uwanja utaonekana na mistari miwili ya rangi. Mkanda wa kuungia uwe na upana wa sentimita 30 au zaidi, na gundi ya poliyurethani ipakwe siku kavu. Gundi iliyopakwa umande ukiwa bado chini hushika siku ya uzinduzi na kuachia msimu wa tatu, na mguu wa winga ndio unaoligundua pengo. Mchanga uanze, chembe za mpira zifuate, kila moja kwa awamu nyembamba, na kila awamu ipigwe brashi. Wanaomwaga vyote mara moja ili wawahi lori huacha nyuzi zimelala chini ya mzigo, hazitoki tena.

Joto

Huu ndio udhaifu wa kapeti ambao hakuna teknolojia iliyoumaliza. Watafiti wa Brigham Young University, Utah, mwaka 2002 walipima uso wa kapeti juani: wastani wake ulikuwa nyuzi 47 za Selsiasi, na kiwango cha juu kikafika 69, wakati nyasi asilia za jirani wastani wake ulikuwa kama 26. Sehemu nyingine waliyoimwagia maji ilishuka kutoka 79 hadi 29. Dakika 5 baadaye ilikuwa 49, na baada ya dakika 20 ilikuwa 73. Anayekuambia "mtamwagia maji tu" hajawahi kubaki uwanjani kwa dakika 20.

Kivitendo maana yake ni ratiba. Watoto wasicheze kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni kwenye siku ya jua kali, na kucheza peku kupigwe marufuku kabisa. Kwa shule ambayo michezo yake yote ni mchana, na nusu ya wachezaji hawana njumu, hoja hiyo peke yake inatosha kuliacha kapeti dukani.

Kuhusu majeraha, watu husema kuliko wanavyojua. Utafiti mkubwa wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, misimu ya 2012 hadi 2016, ulikuta kiwango cha majeraha ya miguu kiko juu kwa asilimia 16 kwenye nyasi bandia kuliko kwenye nyasi asilia. Lakini ule si mpira wetu, na tafiti za soka zenyewe hazikubaliani. Michubuko ya kuteleza haina ubishi. Tunaloliona la kurekebishika ni njumu: meno marefu ya nyasi asilia hunasa kwenye kapeti na goti linazunguka mguu ukiwa umeganda. Njumu za kapeti zina meno mafupi na mengi. Msimamizi wa uwanja aziangalie getini, asiogope kuitwa mnoko.

Wachezaji wenyewe wanapenda nini? Mwaka 2014 kundi la wachezaji nyota wa kike walifungua shauri nchini Kanada kupinga Kombe la Dunia la Wanawake la 2015 kuchezwa lote kwenye kapeti. Waliliondoa Januari 2015 na mashindano yakachezwa hivyohivyo. Kwa Kombe la Dunia la 2026 FIFA imetaka nyasi asilia kila uwanja, hata katika viwanja vya Marekani ambavyo siku zote vina kapeti. Hata hivyo kapeti si la timu dhaifu: TP Mazembe wanalo Kamalondo, Lubumbashi, na Novemba 2015 walilinyanyulia taji la Ligi ya Mabingwa Afrika hapohapo nyumbani.

"Halihitaji matunzo"

Uongo mkubwa kuliko wote katika biashara hii. Kadirio la kufuata ni saa 1 ya matunzo kwa kila saa 10 za mchezo. Uwanja wa saa 40 unahitaji saa 4 kwa wiki: kuburuta brashi kwa trekta dogo lenye matairi mapana, kuokota uchafu, na kurudisha chembe za mpira kwa mkono golini, kwenye nukta ya penalti na kwenye kona, ambako visigino huzitimua kila siku. Weka stoo tani 2 au 3 za akiba tangu siku ya makabidhiano, maana kuagiza baadaye tani 2 peke yake hakuna anayekuhudumia kwa bei ya kawaida. Mara 1 au 2 kwa mwaka ujazo ufukuliwe kwa mashine ya vijino ili usigande. Jenga ukanda wa zege au vitofali wa mita 2 hadi 3 kuzunguka uwanja, na weka brashi za kufutia njumu mlangoni. Tope jekundu linaloingia na viatu ndilo linaloziba kapeti hadi watu waseme "mbona linatuamisha maji kama uwanja wa zamani".

Kipimo cha bure cha afya yake: dondosha mpira uliojazwa upepo sawasawa kutoka mita 2. Kwenye kiwango cha Pro unatakiwa kudunda kati ya sentimita 60 na 85. Kwenye Quality hadi mita 1. Ukivuka mita 1 golini, ujazo umekwisha au umeganda. Rudia sehemu tano na uandike tarehe. Daftari hilo litakusaidia sana siku ya kudai dhamana.

Ukoka: uzuri na deni lake

Ukoka wa kienyeji tunaujua wote, unaota hata kwenye nyufa za lami. Kwa uwanja wa mashindano kinachotumika ni chotara, na maarufu kuliko wote ni Tifway 419: jani jembamba, zito, linalojirudi haraka baada ya kuchanwa. Chotara huyu hazai mbegu. Akija mtu kukuuzia mbegu za Tifway, muulize bei ya maziwa ya jogoo. Hupandwa kwa vipando. Mita 1 ya mraba ya kitalu hutosha kupanda kama 10, kwa mistari ya sentimita 15 hadi 20, na kwa mvua au umwagiliaji mzuri ardhi hufunikwa ndani ya wiki 8 hadi 12.

Pwani, ambako maji ya kisima yana chumvi, tunapendelea paspalamu. Inavumilia chumvi inayoua nyasi nyingine, ingawa haijirudi haraka kama chotara wa ukoka. Nyanda za juu, Nairobi, Iringa na kwingineko kwenye baridi, kikuyu grass, nyasi asili ya hukohuko, hutoa zulia zito kwa gharama ndogo, lakini hujilundikia majani makavu chini hadi uwanja unakuwa kama godoro. Bila kuzikwangua kila msimu mpira hautembei. Zile nyasi za majani mapana ambazo wauza bustani huziita pemba ziache kwenye bustani. Jino moja la njumu linazing'oa na mizizi.

Uwanja wa mechi unataka mchanga. Tabaka la milimita 300 ni mita za ujazo 2,464, yaani safari 165 za tipa la mita 15, juu ya kokoto za milimita 100 na mabomba ya matundu kila mita 5. Hapo mvua kubwa ya alasiri hupita na mechi ya saa 1 usiku ikachezwa. Wasio na fedha hizo wasikate tamaa: udongo wa kawaida ukinyanyuliwa katikati kwa mteremko wa asilimia 1, mstari wa kati unakuwa juu ya mstari wa pembeni kwa sentimita 34, na kila mwaka ukatandazwa mchanga wa milimita 5, ambao ni mita za ujazo 41 tu, ndani ya misimu michache uso wake unabadilika kabisa. Kwa shule na kata, huu ndio mradi ambao tungeuweka mbele ya kapeti lolote la bei nafuu.

Deni la ukoka ni maji. Milimita 5 kwa siku kiangazi ni lita 41,070, maboza manne ya lita 10,000, kila siku. Kama huna kisima, umekwisha kabla hujaanza. Mwagilia kabla ya jua kuchomoza, kwa wingi na kwa kuruka siku, ili mizizi iyafuate maji chini; unyunyizaji wa kidogokidogo kila jioni hulea mizizi ya juujuu na magonjwa ya ukungu.

Chakula: gramu 5 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa mwezi wakati wa kukua. Kwa eneo letu ni kilo 41 za nitrojeni, sawa na kilo 89 za urea, au mifuko 3 hivi ya mbolea ya CAN. Igawe mara mbili na umwagilie papo hapo, kwa sababu urea iliyoachwa juu ya majani huunguza, na nyingine hupotea hewani. Kata kwa milimita 20 hadi 25, mara 2 au 3 kwa wiki wakati wa mvua, bila kuondoa zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Mashine ya silinda hukata kama mkasi. Ya panga la kuzunguka inafaa kama panga limenolewa. Likiwa butu huchana ncha, na siku ya pili uwanja mzima una rangi ya majani ya chai. Fyekeo ni la pembeni mwa uzio.

Ndago ikiingia usiing'oe kwa mkono, kwani kila kiazi kinachobaki chini kinazaa upya. Tumia dawa teule ya ndago ikiwa changa. Baada ya mvua za kwanza kagua viwavijeshi alfajiri, wanaweza kula uwanja ndani ya siku chache na watu wakadhani ni ukame.

Kinachoua nyasi asilia kuliko wadudu ni kalenda. Mechi moja kwenye tope hufuta kazi ya miezi. Msimamizi awe na mamlaka ya kuahirisha: nyayo zikijaa maji dakika 30 kabla ya mchezo, hakuna mpira. Mazoezi ya makipa yafanyike nje ya eneo la goli, magoli ya kuhamishika yanunuliwe. Na jukwaa la tamasha likiwekwa juu ya ukoka kwa siku 3, yule aliyelipwa kodi ya uwanja alipe pia wiki 6 za kuuguza.

Mseto, kwa kifupi

Mseto si nusu kwa nusu. Ni nyasi asilia zilizoshonewa nyuzi za plastiki chache, asilimia 3 hadi 5, zinazozama ardhini kama sentimita 20 na kuishikilia mizizi. Unapata uso wa ukoka usiochimbika ovyo. Unabaki pia na bili yote ya maji, mbolea na ukataji, juu yake ukaongeza mashine ya kushonea inayotoka nje. Kwa uwanja wa taifa inaeleweka. Kwa wengine wote ni anasa.

Alama zetu

Uwanja wa taifa au wa klabu ya ligi kuu wenye kisima na viwanja vya mazoezi: chotara wa ukoka kwenye mchanga, 9 kwa 10, kapeti 6. Uwanja wa manispaa wenye timu kumi na taa za usiku: kapeti la FIFA Quality lenye brashi na bajeti ya matunzo, 8, bila brashi, 3, na tusingelitandika. Shule ya mchana: ukoka kwenye udongo ulionyanyuliwa, 7, kapeti 4 kwa sababu ya joto peke yake. Kiwanja cha kukodisha cha watu watano kila upande, wazi hadi usiku wa manane: kapeti 9, hakuna ushindani.

Kabla ya kusaini, soma dhamana ukurasa wa mwisho. Nyingi hufunika kufifia kwa rangi na kukatika kwa nyuzi, na huacha nje maungio, kuzama kwa msingi na "uchakavu wa kawaida". Nyingine hufa zenyewe usipoonyesha daftari la brashi. Omba maungio yaandikwe kwa jina. Omba pia sentensi moja kuhusu uondoaji: siku ya kung'oa, kapeti na ujazo wake ni zaidi ya tani 240, haviozi, na dampo la wilaya halitavipokea bure. Mkandarasi anayekubali kuandika atavipeleka wapi na kwa gharama ya nani, huyo mkaribishe chai.